Milima yenye wenyewe: mtoto wa Marangu kwenye Alpi za Uswisi

Mwaka 1896 zilianza kujengwa reli mbili. Moja iliondoka Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria. Nyingine ilianzia Kleine Scheidegg, kwenye milima ya Alpi nchini Uswisi, kuelekea kilele cha Jungfrau. Zote zilijengwa kwa upana uleule, mita moja kati ya chuma na chuma. Ile ya Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, baada ya kilomita zaidi ya 900. Ile ya Jungfrau ilichukua miaka 16 kwenda kilomita 9 na kidogo, kwa sababu kama kilomita 7 kati ya hizo zilichimbwa ndani ya mwamba wa milima miwili, Eiger na Mönch. Adolf Guyer-Zeller, tajiri wa viwanda aliyeibuni reli hiyo, alifariki mwaka 1899, kazi ikiwa bado mbichi. Wachimbaji wengi walikuwa Waitalia. Fedha zilipopungua, mpango wa kufika kileleni uliachwa, na tarehe 1 Agosti 1912 reli ikafunguliwa hadi kwenye bonde la juu kati ya Mönch na Jungfrau, mita 3,454 kutoka usawa wa bahari. Mpaka leo Ulaya nzima haina kituo cha treni kilicho juu kuliko hicho.

Kwetu Marangu, mita 3,454 ni chini kidogo ya kambi ya Horombo, ambayo ipo mita 3,720. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia yetu hufika Horombo siku ya pili, kwa miguu, akishalala kambi ya Mandara. Baba yangu alipita njia hiyo kwa miaka mingi na mizigo ya wageni kichwani. Alikuwa mpagazi, mmoja wa wale wagumu ambao bila wao hakuna mgeni anayeona kilele cha Kibo. Kwa hiyo nilipoketi kwenye kiti laini nikiona namba za mwinuko zikipanda kwenye skrini ya behewa, nilimuwaza yeye tu. Nilishuka pale juu kichwa kikinigonga kidogo kwa uhaba wa hewa, na swali moja likanikaa: mlima huu unaingiza fedha nyingi namna hii, wenyeji wake wanapata nini, na walifanyaje hata wakapata?

Makala hii ni juu ya swali hilo, ingawa najua wengi mtaisoma kwa ajili ya maziwa na theluji. Navyo nitavieleza, maana vinastahili.

Eneo lenyewe ni Berner Oberland, sehemu ya milima ya jimbo la Bern. Dada yangu ni muuguzi mjini Bern, na kutoka kwake hadi Interlaken ni chini ya saa moja kwa treni. Interlaken imekaa katikati ya maziwa mawili, Thun upande wa magharibi na Brienz upande wa mashariki, na mto Aare unayaunganisha ukipita mjini. Zamani lilikuwa ziwa moja refu. Barafu za kale zilipoyeyuka, mito ya pembeni, hasa Lütschine, ilishusha kokoto na mchanga kutoka milimani mpaka ikajitokeza ardhi tambarare iliyolikata ziwa vipande viwili. Juu ya ardhi hiyo ndipo mji ulipojengwa.

Rangi ya Ziwa Brienz inamsimamisha mtu. Ni kijani kinachoelekea buluu, kizito, kama kimetiwa maziwa. Chanzo chake kiko juu milimani: mito ya barafu husaga mwamba ulio chini yake hadi ukawa unga laini, mito ya maji huusomba unga huo mpaka ziwani, nao kwa wepesi wake hauzami upesi. Jua likipiga, ndipo rangi ile inapotoka. Wavuvi wa pale hawaisifii kama sisi wageni. Maji hayo yana virutubisho vichache mno, samaki wanakua polepole na hubaki wadogo. Kina cha ziwa kinafika mita 260, na pembeni milima imesimama wima, kiasi kwamba vijiji vimejibana kwenye kila kipande cha ardhi kilichopatikana. Tulilivuka kwa Lötschberg, meli ya mvuke iliyoundwa mwaka 1914 na ambayo bado inapakia abiria kila majira ya joto. Mafundi wameacha mitambo yake wazi ili abiria waione ikifanya kazi. Nikaikumbuka Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913. Sijui kama kuna heshima kubwa kwa chombo kuliko kukitunza kikaendelea na kazi yake ileile.

Kwenye ufuko wa kusini kuna kijiji cha Iseltwald, chenye wakazi kama 400. Kina gati dogo la mbao ambalo lilionekana katika tamthilia ya Kikorea, na tangu hapo watalii kutoka Asia wakawa wanamiminika kupiga picha. Kijiji kikaweka kizuizi cha kuzunguka mlangoni mwa gati: ukitaka kukanyaga mbao zile unalipa faranga 5. Nilisikia watu wakilalamika kwamba ni tamaa. Mimi nilifurahi kulipa. Fedha inabaki kijijini, mlango ni wao, na bei wameipanga wao. Wakati huo sikujua kwamba nilikuwa nimeshaanza kujibiwa swali langu.

Bonde la Lauterbrunnen nitalipita haraka, si kwa sababu halina uzuri, bali kwa sababu picha zake zimejaa kila mahali. Ni bonde lenye kuta za mwamba pande zote mbili, na maji yanamwagika kutoka juu kwenye maporomoko yanayohesabiwa kuwa 72. La Staubbach peke yake lina urefu wa karibu mita 300. Ukipata muda wa kuona moja tu, ingia Trümmelbach, ambalo limo ndani ya mlima. Maji yote ya barafu za Eiger, Mönch na Jungfrau upande huo hupita kwenye mpasuko mmoja wa mwamba, hadi lita 20,000 kwa sekunde, na mlima unatetemeka chini ya miguu yako. Dada yangu alipiga kelele kuniambia jambo nami sikusikia hata neno.

Grindelwald ndiko tulikokaa. Kijiji kiko mita 1,034, chini ya ukuta wa kaskazini wa Eiger, ule ambao uliua wapandaji kadhaa kabla Wajerumani wawili na Waaustria wawili hawajaupanda kwa mara ya kwanza mwezi Julai 1938. Ilikuwa mwezi wa tisa. Tulipanga chumba kwenye nyumba ya wakulima, na mama mwenye nyumba, mtu mzima wa umri wa mama yetu, alikuwa ametoka kukata nyasi kwenye mteremko ambao mimi ningeogopa hata kusimama juu yake. Kuna sehemu mashine haifiki, hivyo wanakata kwa fyekeo la mpini mrefu, wanaanika, wanakusanya kwa reki, wanaburuta hadi ghalani. Ng'ombe watakula majani hayo makavu miezi yote ya theluji.

Mtu wa Kilimanjaro hahitaji kufasiriwa kazi hiyo. Mama yetu alikata majani ya ng'ombe maisha yake yote. Ng'ombe wa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, wanakula zizini, na kila jani wanalokula limebebwa na mwanamke. Dada alipomweleza yule mama kwa Kijerumani kwamba kwetu mzigo wa majani unabebwa kichwani kutoka mbali, aliweka kikombe chake chini akauliza: Malisho yenu ya juu ni ya nani?

Akatueleza ya kwao. Malisho yote yaliyo juu ya Grindelwald yamegawanywa kwa vyama saba vya wakulima. Wao huviita Bergschaft. Maandiko ya makubaliano yao ya kwanza ni ya mwaka 1404. Haki ya kupandisha ng'ombe imefungwa kwenye ardhi ya bondeni: asiye na shamba chini hana ng'ombe juu. Utaratibu wa namna hiyo umeenea Alpi zote kwa sura mbalimbali. Katika kijiji cha Törbel, jimbo jirani la Valais, sheria ya mwaka 1517 ilikataza mtu yeyote kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Tajiri wa mjini hawezi kununua makundi ya ng'ombe kiangazi, akala nyasi za wengine, kisha akauza kabla ya theluji.

Nilimsikiliza nikiona mfongo wa ukoo wetu, ule mfereji wa maji unaotoka msituni, wenye zamu zake, siku zake za usafi na wazee wake wa kuamua kesi. Wachagga walijua haya. Tulikuwa na utaratibu, na mahali pengine bado upo.

Tofauti ipo kwenye kilichofuata. Wageni walipoanza kumiminika Grindelwald karne ya 19, wenyeji waliwabeba kwenye viti na kuwapandisha milimani. Walikuwa wapagazi kama baba. Baadaye wakawa viongozi wa milima wenye sifa duniani. Christian Almer, mkulima wa Grindelwald, alikuwa mmoja wa watu watatu wa kwanza kufika kilele cha Eiger mwaka 1858, pamoja na Peter Bohren wa hapohapo na Charles Barrington, mgeni wao kutoka Ireland. Mwaka 1896, akiwa na miaka 70, Almer alipanda Wetterhorn pamoja na mkewe kuadhimisha miaka 50 ya ndoa yao. Kisha ikaja reli, zikaja nyaya za kupandishia watu, ikaja skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na kila nguzo ya kampuni ilibidi isimame kwenye malisho ya mtu. Nguzo hizo zinalipiwa. Mteremko ambao watu wanateleza nao Februari ni nyasi za ng'ombe mwezi wa saba, na wenye nyasi wanakaa mezani na kampuni. Kijana wa yule mama anakamua ng'ombe kiangazi na majira ya baridi anafanya kazi kwenye mitambo ya kupandisha watelezaji. Serikali nayo inawalipa wakulima kwa kupandisha mifugo, kwa sababu nyasi zisipoliwa hurefuka na kulala, theluji ikikaa juu yake huteleza kirahisi, na baada ya miaka vichaka hufunika kila kitu. Ule uzuri wa kijani tunaoupiga picha ni kazi ya mikono ya watu na midomo ya ng'ombe.

Juu ya Ziwa Thun kuna bonde la Justistal. Huko kila mwezi wa tisa wanagawana jibini. Ng'ombe wa wakulima mbalimbali wamekaa juu kiangazi chote, maziwa yamechanganywa na kupikwa jibini pamoja, na sasa magurudumu ya jibini yanapangwa mafungu mbele ya mabanda. Kila mkulima anapata kadiri ya maziwa ya ng'ombe wake, na nani achukue fungu lipi huamuliwa kwa kura, ili asiwepo wa kusema mwenzake kapendelewa. Halafu ng'ombe wanateremshwa wakiwa na kengele kubwa shingoni na maua kichwani. Nimeona sherehe nyingi za kitalii zinazochezwa kwa ajili ya kamera. Hii sivyo. Watu wanahesabu jibini lao kwa makini, watoto wanapakia magari, na mgeni anasogea pembeni kuwapisha.

Majira ya baridi nilirudi, maana bila theluji habari isingekamilika. Wengen na Mürren ni vijiji visivyo na magari. Unafika kwa treni au kwa gari la kuning'inia kwenye waya. Mürren ndipo Mwingereza Arnold Lunn alipopanga mashindano ya slalomu, yaani kuteleza kwa kupinda kati ya vijiti, mwaka 1922, yaliyoweka msingi wa slalomu ya kisasa, na mwaka 1931 yakafanyika hapo mashindano ya kwanza ya dunia ya skii za milimani. Wengen kila Januari kuna mbio za Lauberhorn, njia ya karibu kilomita 4.5, ndefu kuliko zote katika Kombe la Dunia la skii, na wanaoshindana wanafikia kasi ya kilomita 150 kwa saa na zaidi. Mimi nilijifunza kwenye kilima cha watoto, chini ya mwalimu mwenye subira, na furaha ya kuteleza mita chache nikiwa nimesimama sina namna ya kuipunguza kwa maneno. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kwenye skii za milimani katika Olimpiki ya Pyeongchang. Nilimtaja kwa mwalimu wangu kwa fahari kama ya ndugu.

Gharama ni kubwa, lazima niseme. Viza ya Schengen peke yake ni yuro 90 tangu Juni 2024. Treni ya kwenda Jungfraujoch, kile kituo cha juu, na kurudi kutoka Interlaken, kwa bei kamili, ni zaidi ya faranga 200. Kama mfuko haukuruhusu, liache hilo. Panda meli ziwani, tembea Lauterbrunnen kwa miguu, nunua jibini na mkate, lala Interlaken. Njia za miguu hazina kiingilio.

Milima hii na yetu zimejuana zamani. Ludwig Purtscheller, aliyefika kileleni Kibo na Hans Meyer mwaka 1889, alikuwa mpandaji wa Alpi kutoka Austria. Halford Mackinder alipoupanda Mlima Kenya mwaka 1899, alikuwa na viongozi wawili wa Courmayeur, kijiji kilicho chini ya Mont Blanc: César Ollier na Joseph Brocherel. Na mwaka 1912, mwaka uleule reli ya Jungfrau ilipofunguliwa, Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kilele cha Kibo na kuteremka wakitumia skii. Mwaka huohuo barafu ya Kilimanjaro ilipimwa kwa ajili ya ramani. Kufikia 2007, asilimia kama 85 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka 1912 lilikuwa wazi.

Kutoka Jungfraujoch unatazama Aletsch, mto wa barafu mrefu kuliko yote ya Alpi, kama kilomita 20 za weupe unaopinda kuelekea kusini. Unaonekana wa milele, lakini tangu katikati ya karne ya 19 umerudi nyuma zaidi ya kilomita 3. Kibanda cha wapandaji cha Konkordia kilijengwa mwaka 1877 juu kidogo ya barafu; sasa barafu imeshuka, na kufika kibandani unapanda ngazi za chuma zilizopigiliwa kwenye mwamba, mamia ya vipandio. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza asilimia 10 ya barafu yake yote. Na tarehe 28 Mei 2025, katika bonde la Lötschental, upande wa pili wa milima ya Lauterbrunnen, mto wa barafu wa Birch uliporomoka pamoja na mawe na kukifukia kijiji cha Blatten. Watu kama 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, kwa sababu kuna wataalamu ambao kazi yao ni kuutazama mlima kila siku. Nyumba, kanisa na mazizi vilikwenda. Mama wa Grindelwald ana jamaa upande ule. Tulipozungumza kwa simu hakutaka kuyaendeleza mazungumzo hayo, nami sikumsukuma.

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka 2019 serikali yetu ilitangaza kwamba inafikiria kuweka gari la waya Kilimanjaro, na tangu siku hiyo kila kijiwe Marangu kina maoni. Wapagazi waliogopa, na hofu yao naielewa: mgeni akipanda kwa waya na kushuka siku hiyohiyo, hahitaji mtu wa kumbebea hema, maji wala chakula. Wengine wanasema wazee na walemavu nao wana haki ya kuuona mlima kutoka juu, na hilo pia ni kweli. Nilimwona bibi mwenye kiti cha magurudumu pale Jungfraujoch akitazama barafu na wajukuu zake. Nisingependa kumnyima hilo.

Lakini mjadala wetu umekwama kwenye waya wenyewe, uwepo au usiwepo. Nilichokiona Uswisi ni kwamba kabla ya waya kuna ardhi, na ardhi ina wenyewe. Mwaka 1941 ulitengwa kwenye msitu wetu ukanda wa nusu maili, ili wanavijiji wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao bila kuuharibu msitu wa juu. Mwaka 2005 ukanda huo ukaingizwa ndani ya hifadhi. Sababu za kuulinda msitu zilikuwepo, nami ni mtu wa kwanza kutaka msitu ubaki, maana bila msitu hakuna mfongo. Ila tangu hapo hakuna mwanakijiji anayeweza kukaa meza moja na kampuni yoyote na kusema nguzo hii inapita kwenye malisho yangu.

Nilipomsimulia baba, aliuliza swali moja tu: kama yule mama wa Grindelwald alikuwa na kura. Nikamwambia anayo, yeye na kila mwenye haki ya malisho kwenye chama chake, na kwamba kura hiyo inakwenda pamoja na shamba la bondeni. Alitaka nimweleze tena jinsi inavyohesabiwa, nikamchorea kwenye daftari la mjukuu wake.

Hili ndilo ninalotaka lisemwe kwenye mikutano ya vijiji vya Marangu, Mwika, Machame na Rombo kabla mtaalamu yeyote hajaja kupima mahali pa nguzo. Vijiji vipate hisa zenye majina yao kwenye kampuni yoyote itakayoutumia mlima kwa waya, na malipo ya kila mwaka yasiyotegemea hisani ya mtu. Wapagazi wawe wa kwanza kufundishwa na kuajiriwa kuendesha, kukarabati na kuokoa, kwa sababu hakuna anayeijua hali ya hewa ya mlima ule kuliko wao. Na habari ya nusu maili ifunguliwe upya, kwa utaratibu wa zamu na mipaka, wanawake wakiwa ndani ya kamati, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakibeba majani.